Kifaa cha Mguuni na Swali la Mpaka: Uangalizi wa Wakosaji kwa GPS katika Muktadha wa Kyela

Historia ya vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa miguuni mwa wakosaji huandikwa kwa kawaida kama historia ya ufundi: betri zilizodumu zaidi, uzito uliopungua, usahihi ulioongezeka. Makala haya yanadai kwamba badiliko kubwa zaidi lilihusu mipaka, na kwamba badiliko hilo huonekana vizuri likipimwa mahali ambapo vifaa hivyo havikubuniwa kwa ajili yake, yaani Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Kifaa cha kwanza kutumiwa kwa amri ya mahakama kilifungwa mwaka 1983 huko Albuquerque, Marekani, kwa uamuzi wa Jaji Jack Love, ambaye inasimuliwa kuwa alipata wazo hilo katika katuni za Spider-Man. Kilituma mawimbi ya redio kwa kipokezi kilichounganishwa na simu ya nyumbani, na kilijibu swali moja tu: mtu yupo nyumbani au hayupo? Vifaa vya GPS vya miaka ya 1990 vilikuwa vya vipande viwili, bangili ya mguuni na kisanduku cha kubeba. Baadhi vilihifadhi nyendo za siku nzima na kuzituma kwa simu usiku. Hadi Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya kiraia, kosa la hata mita 100 lilitarajiwa. Vifaa vipya vimeunganisha kila kitu mguuni na hutuma taarifa kila baada ya dakika chache kupitia mtandao wa simu za mkononi.

Kifaa cha redio kilihitaji nyumba. Cha GPS kinahitaji mstari uliochorwa kwenye ramani kabla kengele haijaweza kulia. Kyela, mstari huo utachorwa wapi?

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa ziwa hadi mdomo wa Songwe, kisha ukaupandisha mtoni. Songwe, hata hivyo, hupita katika tambarare ya mafuriko na hubadili njia yake. Shamba la mpunga laweza kujikuta ng'ambo ya mto bila mwenyewe kuinua mguu. Ziwani hali ni ngumu zaidi. Malawi husimamia mkataba wa 1890. Tanzania, tangu 1967, hudai mpaka upite katikati ya maji. Mvuvi wa Matema aliyefungwa kifaa angehesabiwa kuwa ametoroka nchi mara mtumbwi wake uachapo mchanga, au angebaki huru kwa kilomita nyingi, kutegemea ramani aliyoichagua fundi wa programu. Fundi huyo angekuwa ameamua, kwa mtu mmoja, shauri ambalo hata usuluhishi ulioongozwa na Joaquim Chissano haukulimaliza.

Hata neno kijiji si jepesi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 huiruhusu mahakama kumzuia mshtakiwa mwenye dhamana asitoke katika eneo la mji au kijiji anamoishi. Lakini Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta vijiji vilivyojengwa juu ya rika: kijiji kilikuwa watu kwanza. Aidha, Wangonde wa Karonga ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili, na msiba wa ng'ambo ya Songwe ni msiba wa nyumbani.

Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mtumikia adhabu husimamiwa na watu, ambao wanaweza kuuliza alikwenda kumzika nani. Hapa haikusudiwi kuyatukuza macho ya watu; hayo nayo yana chuki na upendeleo wake. Ila katika ulinganisho huu kifaa cha zamani kilichohifadhi nyendo kina sifa ambayo wasifiaji wa vipya huipuuza. Asubuhi afisa angesoma safari nzima: alivuka mto saa tisa alasiri, akakaa mahali pamoja hadi jioni, akarudi. Kifaa kipya kingekwisha kupiga kengele mtu akiwa bado katikati ya maji.