Miti Midogo ya Vietnamu na Vilima Vyetu vya Shaba

Hapa Kakanda hata mtoto anajua jambo hili: ukitembea katika mwitu wa miombo ukafika penye shaba, miti inakoma. Mbele yako ni kilima kitupu chenye majani na maua madogo, na pembeni vichaka vifupi. Maana shaba iliyo katika udongo ni sumu kwa mizizi ya miti mingi. Wazee wetu, walioyeyusha shaba karne nyingi kabla Wazungu hawajafika, walikitambua kilima cha shaba kwa upara wake. Mwaka 1892 Jules Cornet, mjuzi wa mawe kutoka Ubelgiji, aliviona vilima hivyo hivyo.

Basi kwetu mti mfupi ni alama ya udongo mbaya. Ndiyo sababu tulistaajabu kusikia kwamba huko Asia wako watu wanaoufupisha mti kwa makusudi, wakautunza chunguni miaka mingi hata wakamrithisha mjukuu. Je, huko si kuutesa mti?

Kazi hiyo ilianza China. Katika kaburi la mwana wa mfalme Li Xian ukuta ulichorwa mwaka 706, na pale wanaonekana watumishi wamebeba vyombo vyenye mimea midogo. Kutoka China ilienea Japani, inakoitwa bonsai, na Vietnamu pia. Vitabu vya wafalme wa Vietnamu vyasimulia kwamba mwaka 985, siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa mfalme Lê Hoàn, watu walijenga mlima wa mianzi juu ya mashua mtoni. Mpaka leo Wavietnamu hupenda kuweka mlima wa mawe ndani ya beseni la maji, na juu yake miti midogo. Huuita hòn non bộ. Kijiji cha Vị Khê, karibu na mji wa Nam Định, kinaishi kwa kazi ya miti. Wenyeji husema walifundishwa na mkubwa mmoja wa serikali, Tô Trung Tự, mwaka 1211. (Kijiji hicho kimo katika jimbo la Bùi Chu, lenye Wakatoliki wengi sana.)

Siri yao si dawa. Mti huwekwa katika chombo kifupi chenye matundu. Kila miaka michache hung'olewa, mizizi mirefu ikakatwa, ukarudishwa katika udongo mpya. Matawi hupunguzwa, na waya huyapinda polepole. Maji hayakosi. Majani hupungua ukubwa, lakini matunda hayapungui: mti wa urefu wa mkono huzaa tunda kamili.

Wavietnamu hupenda sana miti ya jamii ya mkuyu. Nasi tuling'oa mkuyu mchanga ulioota katika ufa wa ukuta, tukaupanda katika beseni kuukuu. Ulikufa, maana tulisahau kutoboa beseni, na mizizi ikaoza. Wa pili tulitoboa, tukachanganya udongo na mchanga mnene wa mtoni. Huo unaishi.

Lakini uko mti mwingine mfupi, ambao haukufupishwa na mtu wala na shaba. Katika nyika za juu za Kundelungu jamaa ya mupundu, ambayo wajuzi huiita Parinari capensis, huficha shina lake ardhini na kutoa juu vitawi vifupi tu. Moto wa kiangazi ukivichoma, vingine huchipuka kutoka chini. Mwaka 1976 Frank White aliiita miti ya namna hii misitu ya chini ya ardhi. Ukipanda mbegu yake utapata mti mfupi tena, maana ndivyo ulivyozaliwa. Mkuyu wa beseni sivyo. Hata ukitunzwa chomboni miaka hamsini, mbegu yake ikianguka penye udongo mzuri itakuwa mkuyu wa kuwafunika watu wengi kwa kivuli. Wetu una majani tisa sasa, na mwakani tutaikata mizizi yake.