Chupa ya Dawa ya Mtoto: Sheria Zake Zilitoka Wapi?

 

Hapa Salgaa tumezoea kuona malori yakilala usiku, yakitoka Mombasa kwenda Uganda na kwingineko. Mizigo huvuka mipaka, na dawa huvuka vivyo hivyo. Dawa ya maji ya kikohozi unayonunua huenda imetengenezwa nchi ya mbali. Je, ni nani aliyeikagua kabla haijafika kinywani mwa mwanao?

Mwaka 1937 huko Marekani, kampuni moja ilitengeneza dawa ya maji ili iwe rahisi kumeza. Dawa yenyewe iliyeyushwa katika kemikali iitwayo daiethilini glaikoli, ikatiwa ladha tamu. Wenye kampuni waliangalia rangi, ladha na harufu. Hawakupima kama ina sumu, kwa maana sheria haikuwalazimisha. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mwaka wa 1938 sheria ilibadilishwa: dawa mpya sharti ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Msiba mwingine ulifuata. Kuanzia mwaka 1957, dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi na nchi nyingine nyingi. Akina mama wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Huko Marekani, Daktari Frances Kelsey, mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuiidhinisha akitaka ushahidi zaidi. Kukataa kwake kuliokoa watoto wengi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nchi kupashana habari kuhusu madhara ya dawa.

Hapa Kenya, kazi hii ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1957. Bodi husajili dawa na kutoa leseni kwa maduka ya dawa. Mwaka 2012, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kulinganisha kanuni za dawa za nchi wanachama.

Je, ile sumu ya 1937 imekwisha? La. Mwaka 2022, watoto wapatao 70 walikufa Gambia, na dawa za maji za kikohozi zilipopimwa zilikutwa na kemikali hiyo hiyo. Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kuipata katika bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto. Bodi yetu iliamuru bechi hiyo iondolewe madukani Kenya nzima.

Mama, hapo ndipo nawe unapoingia. Nunua dawa katika duka lenye leseni. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Usitupe chupa wala pakiti kabla mtoto hajapona, kwa sababu nambari ya bechi imeandikwa hapo. Mtoto akitapika, akiumwa na tumbo au akikosa kukojoa baada ya kunywa dawa, acha kumpa. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na chupa uibebe. Taarifa yako ikifika kwa Bodi, huenda ikaokoa mtoto wa mwenzio.

Kinga ni bora kuliko tiba.