Gari la Jumatatu na Gari la Pasaka

Vijana wa siku hizi wakitaja gari la mbio huwa wanafikiria chombo cha pekee, kilichoinama karibu na ardhi, chenye mlio wa kuwaamsha wagonjwa usiku. Kwa sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1950, tukakulia kati ya reli ya kati na barabara ya Dar es Salaam, gari la mbio lilikuwa ni gari lile lile la daktari, la karani au la teksi, isipokuwa lilikuwa limeandikwa namba ubavuni. Jumatatu lilipeleka watu kazini. Pasaka ikifika lilikwenda kushindana. Naandika habari hii kwa sababu mtu wa damu yangu ameniuliza juu ya kununua gari lililokwisha kutumika, la kushindania na la kutembelea mjini pia, na jambo hilo si geni katika nchi zetu kama yeye alivyodhani.

Mashindano yenyewe yalianza mwishoni mwa Mei 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa akitawazwa huko Uingereza. Walowezi wa Kenya waliokuwa wakipenda magari walitafuta namna ya kusherehekea, wakaamua kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliyapanga magari katika makundi kwa bei yake ya dukani. Hapo pana jambo la kuzingatia: hawakuuliza gari lina nguvu kiasi gani, waliuliza mtu wa kawaida angelilipia fedha ngapi. Mwaka uliofuata, 1954, washindi walikuwa Vic Preston na D. P. Marwaha, katika Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa mviringo ambayo injini yake imekaa nyuma. Wazee wenzangu wanaikumbuka. Mapadri na masista wa misheni waliitumia sana.

Baadaye mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Msomaji anayeishi mjini huenda asijue maana yake. Ardhi nyeusi ya mbuga ikinywa maji hugeuka gundi. Tairi hujaa tope mpaka halizunguki tena. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 yakafika tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa katika Peugeot 404.

Lakini mtu aliyetugusa sisi wa Tanzania alikuwa Bert Shankland. Alikuwa Mskoti aliyefanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Tanganyika Motors, iliyokuwa ikiuza hizo Peugeot, na mwaka 1966 na 1967 alishinda mfululizo pamoja na Chris Rothwell. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi alipopata ushindi wa kwanza. Tuliisikia habari hiyo katika redio ya mwalimu wetu, iliyowekwa dirishani ili wote tusikie, na ingawa hatukumjua mtu huyo kwa sura, tulishangilia kwa kuwa alikuwa wa Dar es Salaam na gari lake tulilijua. Teksi zilikuwa 404. Gia yake ilikuwa kwenye usukani, injini yake haikufika hata lita mbili, na nyuma palikaa mama watatu na kuku wao.

Yatupasa kukumbuka pia barabara zilivyokuwa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikabanwa, ikakosa njia ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia hapa kwetu Morogoro na Iringa hadi Zambia, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na tope. Waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Kwa hiyo dereva wa Safari na dereva wa lori walikuwa wanafunzi wa shule moja. Wote walijifunza kulisikiliza gari kwa makalio, kama mafundi wasemavyo, na kujua ni lini la kulisukuma na ni lini la kulihurumia.

Nimemweka mwisho Joginder Singh kwa makusudi, kwani habari yake ndiyo inayojibu swali. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa mwenye gereji, naye mwenyewe akawa fundi. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, na gari walilotumia lilikuwa Volvo PV544 ya mkono wa pili. Ilikuwa imeletwa na timu ya kiwanda, ikatumika, kisha ikauzwa. Muundo wake ulikuwa wa zamani. Mwaka huo huo wa 1965 kiwanda kiliacha kuitengeneza. Wenye viwanda walikuwa na magari mapya, nao ndugu wawili wenye gari lililochakaa wakawashinda.

Mtu mvivu wa kufikiri atasema: kumbe gari la zamani linatosha. Sivyo. Gari lile lilishinda kwa sababu aliyekaa kwenye usukani ndiye aliyelifungua na kulifunga. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder aliingia Safari 22 na kumaliza 19. Nadhani hesabu hiyo ni kubwa kuliko ushindi wake wote, hata ule wa 1974 na 1976 alioupata katika Mitsubishi Lancer. Katika mashindano ambayo mara nyingine magari saba tu yalifika, mtu anayemaliza mara kumi na tisa hakubahatisha. Alikufa London mwaka 2013.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam na kuishia Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza mshindi akatoka ng'ambo: Hannu Mikkola wa Finland, katika Ford Escort. Kuanzia 1974 mashindano yakabaki ndani ya Kenya peke yake. Kwetu ikaja shida ya mafuta, na ikafika wakati magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari la starehe ungelifanyia nini? Hata ya serikali yalisimama juu ya matofali kwa kukosa tairi.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ndipo tukaanza kuona magari yaliyotumika kutoka Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Mengi yalikuwa ya kwenda sokoni na kanisani. Lakini miongoni mwake yalikuja na magari ya mbio yaliyovaa nguo za kiraia. Asili yake ni sheria. Katika miaka ya 1980 wakuu wa mashindano duniani waliruhusu magari ya kundi B, ambayo kiwanda kilitakiwa kutengeneza 200 tu. Yakawa na nguvu za ajabu, yakaua madereva na watazamaji, yakapigwa marufuku baada ya mwaka 1986. Waliobaki walilazimika kushindana kwa magari yaliyotengenezwa kwa maelfu na kuuzwa kwa watu. Hivyo Subaru akatoa Impreza yenye turbo na Mitsubishi akatoa Lancer Evolution, milango minne, buti la kuweka mizigo, viti vya watoto nyuma. Mwaka 1996 Lancer ilishinda Safari, na 1997 Impreza. Ndiyo magari ambayo kijana wa leo wa Morogoro anayaota.

Sasa nifike kwa mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, fundi katika gereji moja mjini Morogoro, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mrefu kidogo. Alikuja kunitembelea hapa Ngerengere kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na nilimtania kuwa mtu ameacha treni ya mwendo kasi ili aje kuniomba gari. Alikuwa ameona Impreza yenye turbo inauzwa Dar es Salaam. Alitaka siku za kazi aiendee gereji, na siku za mashindano aifunge namba. Fedha alizokuwa nazo hazikufika nusu. Nusu ya pili aliiona katika shamba letu la Matombo.

Kwa wasiotujua, sisi Waluguru tunarithi kwa upande wa mama. Shamba lile si langu wala si lake. Ni la ukoo, tunaouita lukolo, na mimi mjomba nina sauti katika kikao. Lina migomba, mananasi na mdalasini aliopanda bibi yake. Alitaka niseme neno ili kipande kiuzwe.

"Mjomba," akaniambia, "shamba lipo tu. Mimi ujana unapita."

Sikulicheka neno hilo. Ujana kweli unapita, na nimewafundisha watoto wengi mno waliozeeka wakingoja ruhusa. Lakini nilimwuliza kama Joginder alifika kwenye Volvo ile kwa kununua au kwa kutengeneza. Akanyamaza. Nikamwuliza tena: ukishalipa bei, tairi nne za mashindano utazinunua kwa nini? Klachi je? Turbo ikianza kutoa moshi wa buluu, utauza kipande gani kingine? Bima ya barabarani kwa kawaida haigusi ajali ya mashindano. Huko Ujerumani kuna uwanja wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927, ambako mtu hulipa kiingilio akazunguka kwa gari lake mwenyewe kisha akarudi nalo nyumbani. Lakini hata huko anayeligonga ukutani hurudi kwa basi na deni. Na bei ya muuzaji si mwisho wa bei. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Kwetu linapokelewa, ila likizeeka linaongezewa ushuru, na mzigo huo muuzaji huuhamishia kwa mnunuzi.

Nilimwambia kwamba shamba sitaliombea kikao. Ila nilimpa nauli ya Dar es Salaam, nikamtaka asitoe hata shilingi moja kabla hajalipandisha gari juu na kulala chini yake, kama ambavyo angefanya kwa gari la mteja. Alikasirika, lakini alikwenda.

Aliyoyakuta alinieleza mwenyewe kwa simu. Tairi za mbele zilikuwa zimeliwa upande wa ndani. Chini ya boneti rangi ilikuwa imerudiwa upande mmoja, na alipokwangua uchafu karibu na mguu wa shokomzoba ya kulia akaona mshono wa kuchomelea. Gari lilikuwa limegongwa, likanyooshwa, likapakwa. Mita ilionyesha kilometa chache za kuvutia, huku pedali ya breki ikiwa imesuguliwa hadi chuma. Muuzaji alipoulizwa akasema ni mambo ya kawaida ya Japani.

Hakulinunua. Miezi minne baadaye, kwa fedha zake mwenyewe, alipata Impreza ya kawaida isiyo na turbo, rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika, lakini chesisi yake nzima. Alifungua injini yote katika uwanja wa nyumba yangu, chini ya mwembe, na kwa wiki mbili sikupata pa kuweka kiti changu. Alibadilisha bushi, breki na shokomzoba, kiti hakukishughulikia. Katika mashindano madogo ya vumbi aliyoingia huku mkoani hakupata nafasi ya kutajwa, lakini alifika mwisho, na Jumatatu asubuhi alikwenda kazini kwa gari lilelile, tope likiwa bado kwenye milango.

Mama yake amekataa kupanda mpaka lioshwe. Mimi nimepanda mara moja, hadi Kidugalo na kurudi, naye aliendesha polepole kuliko dereva yeyote wa daladala ninayemfahamu. Jina la shamba halijatajwa tena, ingawa nimesikia kwamba ameanza kuuliza bei ya turbo.