Kanzu ya Kulalia Iliyopotea

Apendaye hadithi za upelelezi huujua utamu wake: kila asemapo, "Huyu ndiye mwivi," ukurasa ufuatao humgeuzia mambo. Waingereza wanazo nyingi, na mojawapo ya zile zilizotangulia ni The Moonstone, aliyoiandika Wilkie Collins. Ilitolewa kidogo kidogo mwaka 1868 katika gazeti la kila juma la Charles Dickens, na wasomaji wakangoja siku saba kila mara kusikia khabari ya almasi ya Rachel Verinder, iliyotoweka usiku wa sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Walakini nyuma ya hadithi hiyo yako mambo ya kweli, tena ya huzuni.

Mwezi wa Juni, 1860, katika kijiji cha Road huko Uingereza, mtoto mwanamume wa Bwana Kent, ambaye hajatimiza miaka minne, alichukuliwa usiku kitandani mwake. Asubuhi akaonekana chooni bustanini, amekatwa koo. Akatumwa kutoka London Jonathan Whicher, mmoja wa askari wanane wa kwanza wa idara ya upelelezi iliyoanzishwa mwaka 1842. Whicher hakupiga ramli, alihesabu nguo. Constance, dada wa yule mtoto kwa baba, msichana wa miaka 16, alikuwa na kanzu tatu za kulalia, na sasa zilikuwako mbili tu. Basi akamkamata.

Mahakimu wakamwachilia, na magazeti yakamshukia Whicher. Mtu wa ukoo mdogo athubutuje kuchungua nguo za binti wa watu wakubwa? Akarudi London na aibu yake, na mwaka 1864 akaacha kazi. Hata mwaka 1865 Constance akaenda mwenyewe akaungama. Alihukumiwa kufa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo, akakaa gerezani miaka 20.

Miaka mitatu baada ya maungamo hayo, Collins akatuletea Sajini Cuff, mpelelezi mwembamba mwenye mvi, apendaye mawaridi kuliko wezi. Mlango uliopakwa rangi upya umefutika kidogo. Askari wa kwanza amelidharau jambo hilo; Cuff asema, itafutwe nguo yenye doa. Kumbe ni kanzu ya kulalia! Wasomaji wa siku zile walijua imetoka wapi.

Mtoto aliyeuawa Collins hakumtia. Mahali pake aliweka jiwe. Nadhani alifanya vema, maana kicheko kimepata nafasi kitabuni. Lakini hakumlipia Whicher deni kwa njia rahisi. Cuff naye amshuku binti wa nyumba, naye huambiwa kwa adabu ashike njia yake. Lakini yeye, tofauti na Whicher, amekosea. Tena kila mtu kitabuni husimulia yale tu aliyoyaona mwenyewe, kama shahidi barazani, hata wewe usomaye huwa hakimu.

Kanzu ile hupatikana baadaye, imefichwa mchangani pwani, nayo ina jina la mwenyewe. Jina hilo silitaji. Yeye aliyelisoma kwanza hakuyaamini macho yake.