Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa: Kitenzi Kimoja katika Historia ya Nairobi

Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana: moja humhusu atokaye katika nchi yake, jingine humhusu yeye huyo aingiapo katika nchi ya watu. Kiswahili hakikuhitaji maneno mawili. Mzizi ni ule ule. Kiambishi cha kauli ya kutendea ndicho kigeuzacho mahali asimamapo msemaji. Ahamaye hutazamwa mgongoni, na wale anaowaacha. Ahamiaye hutazamwa usoni, na wale wanaompokea. Matumizi, hata hivyo, hayatii sarufi daima. Mkenya atakaye pasipoti ya kutokea nchini huishia Nyayo House, katikati ya jiji, katika Idara ya Uhamiaji, yaani idara ya waingiao!

Hilo ni la kuchekesha tu. Lisilochekesha ni namna kitenzi hiki kitumiwavyo katika kusimulia historia ya Nairobi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili palikuwapo vijiji vya Waafrika karibu na kitovu cha mji: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, na upande wa magharibi, Kileleshwa. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya mji ilikusudia vijiji hivyo vitoweke. Kileleshwa ilibomolewa katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na leo ni kitongoji cha majumba ya ghorofa. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, jina ambalo lastahili makala yake lenyewe.

Sasa, wanafunzi wetu huandika: ‘Wakazi wa Pangani walihamia Shauri Moyo.’ Kisarufi sentensi haina kosa. Kihistoria ina kosa kubwa, kwa kuwa humfanya mtendwa awe mtenda, kana kwamba alijitwika mikeka na vyungu vyake kwa hiari. Nami nilipata kuiandika hivyo nilipokuwa nikisoma ng’ambo, hata mwalimu wangu, asiyejua neno la Kiswahili, akaniuliza aliyebomoa nyumba alikuwa nani. Umbo stahiki ni ‘walihamishiwa’: kauli ya kutendesha yaonyesha nguvu, ya kutendea yaonyesha mwisho wa safari, ya kutendwa yamrudisha mkazi mahali pake. Lakini hata umbo hili lina mwanya. Kauli ya kutendwa humruhusu mwandishi kumwacha mtenda nje ya sentensi, na maandishi ya kiofisi huupenda sana mwanya huo. Mtumishi wa serikali ‘amehamishwa’. Na nani, hakuna asemaye. Kwa maoni yangu, mwanahistoria aandikaye kwa Kiswahili hana budi kukiongeza kile kiunganishi ‘na’ na jina lifuatalo.

Kawangware na Kangemi zatuletea tatizo la namna nyingine. Zilikuwa nje ya mipaka ya Nairobi, katika ardhi ya Wakikuyu, hadi mipaka ilipopanuliwa mwaka 1963. Wageni wengi walihamia huko baadaye, na kwao kitenzi chafaa bila shaka. Lakini wenyeji waliolala wanakijiji wakaamka wanamji hawakuhama, hawakuhamia, wala hawakuhamishwa. Kwa hao sentensi itubidiyo kuiandika, ingawa yashangaza sikio, ni hii: mji uliwahamia.