Bulengera: kifafa, dawa yake, na namna wanganga walijifunza kuipima ndani ya damu

Familia ikikimbia vita na kuja kutafuta kimbilio Bulengera, inabeba mtoto, godoro na sufuria. Boksi ya dawa ya kifafa inaweza kubaki nyumbani. Siku ya kwanza bila kidonge mgonjwa anajiona mzima. Hilo linadanganya watu wengi: phenobarbital, ile wengine wanaita Gardénal, inatoka mwilini polepole sana. Kwa mtu mzima, nusu yake inaisha kisha siku 3 ao 4 hivi. Ndipo kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, na majirani wanasema ni uchawi.

Dawa hiyo ni ya zamani. Mwaka wa 1912, munganga Mjerumani Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake kusudi watulie na kulala. Akaona kifafa chenyewe kimepunguka. Mwaka wa 1938, kule Marekani, Merritt na Putnam walileta phenytoin.

Lakini kidonge kingapi kinafaa? Muda mrefu wanganga walikadiria kwa macho tu. Kisha Fritz Buchthal na wenzake wa Denmark walipima phenytoin ndani ya damu, na mwaka wa 1960 wakaandika walichokiona. Hesabu yenye ilibaki ni mikrogramu 10 mpaka 20 kwa mililita moja. Chini ya hapo, kifafa mara nyingi hakishikwi. Juu yake, macho yanachezacheza, kisha mtu anayumba kama mlevi.

Faida ya kipimo ilionekana wazi Australia, karibu mwaka wa 1968. Wagonjwa wenye kutumia phenytoin vizuri walianza kutapika na kuyumba. Hakuna aliyeongeza kidonge. Damu ilipopimwa, dawa ilikuwa imepita kiasi. Kumbe kiwanda kilibadilisha unga wa kujazia kapsuli: waliondoa kalsiamu salfati, wakatia laktosi, na mwili ukaanza kunyonya dawa zaidi. Dawa ni ileile, uzito ni uleule, watu wakalewa. Mwenye kuhama na kununua dawa leo huku, kesho kule, asikie vizuri hapo: boksi ingine si lazima ifanye kazi sawa na ile ya kwanza.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Mwaka wa 1960, munganga Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania. Wagonjwa walikuwa wakitengwa, watu wakiogopa mate yao. Wengine walikuwa na makovu ya kuangukia moto. Alitumia phenobarbital, dawa ya bei ndogo.

Mahali labo haina kipimo hicho, kazi inafanywa na macho ya familia. Mgonjwa anasinzia mchana kutwa? Anayumba? Kifafa kilimshika siku gani, na kidonge kiliruka lini? Munganga wa Bulengera mwenye hajawahi kumuona mgonjwa atauliza hayo kwanza. Tena boksi ya zamani, hata ikiwa tupu, imuonyeshwe: jina na miligramu vimeandikwa pale.