Jeraha Baada ya Kisu: Ushahidi wa Kahura, Bunyoro, 1879
Wengi walioisoma taarifa ya Robert Felkin, iliyochapishwa mwaka 1884, kuhusu upasuaji wa uzazi alioushuhudia Kahura, huishia kwenye kisu na pombe ya ndizi iliyonawisha mikono na kuosha tumbo. Insha hii inaona kwamba uzito wa ushahidi umo katika siku zilizofuata. Jeraha lilikuwa limebanwa kwa pini saba za chuma. Siku ya tatu lilikaguliwa, pini moja ikaondolewa. Tatu zikafuata siku ya tano, zilizosalia siku ya sita. Kila lilipofunguliwa, usaha kidogo uliokusanyika ulisafishwa na dawa ya mizizi ikabandikwa upya. Utaratibu huo haukuwa wa kubahatisha: mganga alitarajia usaha, akaufuatilia. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Lau usaha ungezidi angefanya nini, Felkin hasemi.